Kujenga kwa kudunduliza: mwongozo wa kutunza ari kuanzia kiwanja mpaka kuhamia

Ukitoka Mbagala kwenda Vikindu, au ukashika barabara ya Chanika, au ukapita Goba na Madale, utayaona maboma. Kuta zimefika usawa wa madirisha, zimeota ukungu mweusi, na katikati ya chumba ambacho kingekuwa sebule umesimama mpapai unaozaa. Kila boma la namna hiyo lina mwenyewe. Ukimtafuta ukamuuliza, atakwambia bado anaitaka nyumba yake. Kilichomwishia ni ile nguvu ya kuamka Jumamosi na kwenda kuitazama.

Boma langu, huko Vikindu, lilikuwa mojawapo. Kiwanja nilinunua 2012, nikahamia 2020, na katikati hapo lilisimama miaka miwili na nusu bila kuongezeka tofali. Wengi wetu tunajenga hivi. Riba ya mkopo wa nyumba bado ni tarakimu mbili, mshahara unajulikana, kwa hiyo nyumba inakuja mfuko kwa mfuko, lori kwa lori. Ni safari ya miaka saba, nane, hata kumi na tano. Nimeandika haya kwa ajili ya anayeanza, na zaidi kwa yule aliyesimama njiani na hapendi hata kuulizwa habari za saiti.

Jambo moja nataka ulishike kabla hatujaanza: ari itakwisha. Itakwisha zaidi ya mara moja, hata kwako wewe unayesoma hapa ukiwa na moto kifuani. Kwa hiyo usipange ujenzi unaotaka uwe na ari kila mwezi. Panga nyumba ambayo ukichoka, itakusubiri bila kuharibika, na ukirudi utaikuta pale pale ulipoiacha. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kwanza: hakikisha ardhi ni yako

Hili nitalisema kwa kifupi, lakini usiliruke. Hakuna kinachoua ari ya mjenzi kama kusikia kiwanja kina mwenyewe mwingine. Nenda serikali ya mtaa au ya kijiji. Ongea na majirani wa pande zote nne, mmoja mmoja, bila dalali kuwepo. Halmashauri waonyeshe ramani ya mipango miji, ujue kama hapo ni makazi ama ni hifadhi ya barabara. Kiwanja kikiwa na hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi. Malizia na kibali cha ujenzi. Usinunue tofali hata moja kabla ya hayo, maana kila shilingi utakayotia juu ya ardhi yenye shaka itakuwa inakunyima usingizi badala ya kukupa moyo.

Pili: punguza nyumba mpaka iingie kwenye mshahara wako

Ramani yangu ya kwanza ilikuwa na vyumba vinne, masta yenye choo chake, sebule, chumba cha kulia, na kibaraza cha nguzo mbili mbele. Nilipenda zile nguzo. Nilikuwa nimeziona kwa mtu Tegeta na nikaziweka moyoni. Ila nilipopiga hesabu nikiwa nimetulia, nilikuta kwa akiba yangu msingi peke yake ungenichukua karibu miaka mitatu. Naamini ramani kubwa imesimamisha maboma mengi kuliko umaskini. Mtu anamwaga msingi wa jumba, anaishiwa pumzi, na kila akipita pale msingi unamkumbusha ukubwa wa alichoshindwa.

Kaa na karatasi, uhesabu hivi. Pima urefu wa kuta zote, za nje na za ndani. Yangu, baada ya kupunguza ikawa vyumba viwili, sebule, jiko na choo, zilikuwa mita 56. Zidisha kwa kimo cha mita 3, unapata mita za mraba 168. Toa nafasi za milango na madirisha, kwangu zilikuwa kama 25, zinabaki 143. Tofali la inchi sita, lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, huingia kama tisa katika mita moja ya mraba. Hiyo ni tofali karibu 1,290. Ongeza za kuvunjika, weka 1,400. Msingi nao ulitaka kama 500.

Sasa linganisha na mfuko wako. Tuseme tofali kwenu ni shilingi 1,300. Ukiweza kutenga 130,000 kwa mwezi, hizo ni tofali 100. Kuta zako ni miezi 14, msingi miezi mitano. Hapo unaongea na namba unayoweza kuibeba. Kama hesabu inakwambia miaka sita kwa tofali tu, ramani ni kubwa. Ikate. Mwambie mchoraji akupe nyumba inayoweza kuongezwa baadaye, yenye ukuta mmoja wa nyuma usio na bomba wala shimo, ili siku Mungu akijalia uongeze vyumba upande huo bila kubomoa kitu. Zile nguzo mbili bado sijazijenga, na nafasi yake ipo.

Tatu: jua mahali pa kusimama na mahali pasiposimamika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha mambo.

Nyumba ina vituo. Kwenye baadhi ya vituo unaweza kusimama mwaka mzima na usipoteze kitu. Kwenye vingine, ukisimama miezi mitatu, umerudi nyuma. Mjenzi anayejua tofauti hiyo anachoka kwa amani. Asiyeijua anasimama popote pesa inapoishia, na akirudi anakuta uharibifu. Uharibifu huo ndio unaomkatisha tamaa, kuliko ukosefu wa pesa wenyewe.

Usichimbe mtaro wa msingi kama huna pesa ya kuumwagia zege na kupandisha tofali zake. Mtaro ulioachwa wazi ukapigwa na masika hubomoka kingo, hujaa tope, na utalipa kuchimba mara ya pili. Lakini msingi uliokamilika, umefungwa mkanda wa zege juu, umejazwa kifusi na kushindiliwa, hicho ni kituo kizuri sana. Tena mvua ikikipiga kifusi kinaendelea kushuka na kukaa vizuri, ukaongeza kingine na kushindilia kabla ya kumwaga jamvi la sakafu. Kwa hiyo aliyesimama kwenye msingi mwaka mmoja hajapoteza mwaka. Nyumba yake inajikaza.

Ukianza kupandisha kuta, hesabu ufike lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Mafundi wengi huweka kozi, yaani safu za tofali, tisa hivi, kisha lenta, kisha kozi tatu juu yake. Ukuta ulioishia kozi ya sita hauna kinachoufunga pamoja. Pembe zake zinasimama zenyewe, na maji yanaingia kwa juu kila mvua ikinyesha. Lenta ikishamwagwa na kukauka, nyumba imevaa mkanda, inaweza kungoja. Kama umelazimika kuacha nondo zimechomoza juu, zifunge kwa nailoni nzito au zipake zege jepesi zisiliwe na kutu.

Paa ndipo pabaya pa kusimama kuliko pote. Usipandishe kenchi, zile mbao za kubeba paa, kama bati hazijalipiwa zote, hadi misumari na kofia. Mbao zilizokaa wazi msimu mmoja wa mvua zinapinda, misumari inalegea, na fundi wa kuezeka atakayekuja atakwambia ukweli usioupenda. Kwa upande mwingine, nyumba iliyoezekwa ni kituo cha kupumzika kuliko vyote. Chini ya bati, kuta zinakauka, unaweza kuweka vitu ndani, na hata miaka miwili ikipita bila plasta hakuna linaloharibika.

Kwa hiyo chora mstari kwenye karatasi yako: msingi na kifusi, kituo. Kuta hadi lenta, kituo. Kozi za juu, kenchi na bati, kituo kimoja, usikigawe. Milango, grili na choo, kituo. Kisha hamia, mengine yatakukuta ndani. Usianze safari ya kwenda kituo kinachofuata mpaka uwe na nauli ya kukifikia.

Nne: fuata mvua

Kwetu pwani masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho cha mafundi: barabara za mitaani zinapitika, lori halinasi, zege halichapwi na mvua. Nilipoacha kujenga mwaka mzima na kuamua kila mwaka uwe na kazi moja tu ya kiangazi, mzigo ulishuka mabegani. Miezi mingine ilikuwa ya kukusanya. Sikujilaumu tena mwezi wa nne kwa kutoonekana saiti, kwa sababu mwezi wa nne haukuwa zamu yake.

Msimu mmoja, kituo kimoja. Mwaka ambao huna nauli ya kituo kizima, fanya kidogo na ukiite kazi ya mwaka: shimo la choo, au fremu za milango.

Tano: geuza pesa kuwa vitu, haraka

Pesa iliyo kwenye simu ina masikio. Inasikia ada, inasikia harusi, inasikia mtoto wa shangazi aliyekwama stendi. Mpaka mwisho wa mwezi imekwenda, na hukuila wewe. Tofali halisikii. Siku ya mshahara, kabla ya jioni, nilikuwa natuma pesa ya tofali. Zikishashushwa saiti hakuna anayeweza kuziazima.

Ila si kila kitu kinanunuliwa mapema. Saruji usiiweke. Mfuko wa kilo 50 uliokaa chumba chenye unyevu kwa miezi mitatu umeshaanza kupoteza nguvu, na ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usiitie kwenye lenta. Mchanga unabebwa na mvua, na wakati mwingine na majirani. Nondo zinatunzika zikiinuliwa juu ya magogo na kufunikwa. Kokoto hazina neno. Tofali ndizo hasa za kudunduliza, mradi zimetengenezwa vizuri. Kama unafyatulia hapo hapo, mfuko mmoja usizidishe tofali 30 hivi, na zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba. Mwaka wa kwanza niliwaachia vijana wafyatue 200 na sikumweka mtu wa kumwagilia. Zilikuwa nzuri kwa macho. Baada ya mwezi nililikuna moja kwa msumari likamwagika kama kashata. Mwezi wangu mzima ulikuwa pale chini. Tangu hapo nikipokea tofali nachukua mbili bila kuchagua, naziachia zidondoke kutoka kiunoni kwenye ardhi ngumu. Zikipasuka, lori linarudi na mzigo wake.

Kwa vitu vikubwa kama bati, ambavyo haviji kwa pesa ya mwezi mmoja, tumia chombo kinachokufunga mikono: VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, chenye katiba na watu unaowajua, SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya kazini, au mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama ile ya kampuni ya UTT AMIS, ambako kutoa pesa kunachukua siku kadhaa. Siku hizo chache zimeokoa bati nyingi. Kuhusu kulipia dukani kidogo kidogo, niliumia. Niliacha 900,000 kwa mwenye duka la vifaa kwa ajili ya bati, kwa maneno na karatasi isiyo na muhuri. Duka likafungwa, nikarudishiwa nusu baada ya mwaka. Kama lazima ufanye hivyo, dai risiti halali kila unapolipa, na bei iandikwe kwamba haitabadilika.

Sita: weka daftari

Nunua daftari la kurasa 96, la karatasi. Kila ukitia kitu saiti, andika siku hiyo hiyo. Langu linasomeka hivi:

*Juni 14. Tofali 100. Zimevunjika 4. Zilizopo 640. Bado 760.*

*Julai 2. Mchanga lori 1. Mvua ya ghafla, tumefunika kwa turubai la jirani.*

*Julai 19. Sikuja. Mtoto homa.*

Ule mstari wa tatu ni muhimu sawa na wa kwanza. Miaka miwili baadaye nilikuwa naamini kwamba nilizembea mwaka ule. Nikafungua daftari nikakuta sikuzembea: nilikuwa na mgonjwa ndani. Kichwa kilichochoka husahau kazi kikakumbuka lawama tu, na daftari ndilo linalokujibu.

Hesabu kwa tofali au kwa kozi, usihesabu kwa asilimia ya nyumba nzima. Ukijiambia nyumba imefika asilimia 20, unasikia 80 zilizobaki. Ukijiambia zimebaki kozi tatu kufika lenta, mikono inawasha. Na piga picha mahali pale pale kila unapokwenda. Mimi nilisimama daima penye kigingi cha kona ya kaskazini. Nina picha sitini na kitu za pembe moja, na kuzipitisha kwa kidole kwenye simu, msitu ukigeuka nyumba, kumenipandisha ari kuliko maneno yoyote niliyowahi kuambiwa.

Saba: nenda saiti hata mfuko ukiwa mtupu

Mwenye boma akiishiwa pesa huacha kwenda. Anaona aibu, anaona nauli inapotea. Kumbe safari ya mikono mitupu ndiyo inayoshikilia uzi. Panga siku moja kwa mwezi, Jumapili ya kwanza kwa mfano. Nenda na jembe na panga. Fyeka, palilia kuta, toa mche wa mpapai uliojiotea sebuleni, salimia majirani. Jirani anayekuona kila mwezi atakupigia simu siku mtu akija kubeba nondo zako. Jirani asiyekuona anadhani pametelekezwa, na wezi nao wanadhani hivyo.

Na panda miti. Hili ningelipigia kelele kama ningekuwa na kipaza sauti: panda miti mwaka ule ule unaonunua kiwanja, mbali na msingi, kwenye mipaka. Mpapai utakupa tunda ndani ya mwaka. Mwembe wa kubebesha huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Mti hausubiri mshahara. Miaka ile boma langu liliposimama, miembe miwili iliendelea, na Desemba moja nilirudi Mbagala na embe kwenye mfuko wa rambo kutoka kwenye nyumba isiyo na paa. Wanangu walizila wakaniuliza kwetu kukoje. Walisema "kwetu".

Nane: chagua watu wa kusafiri nao

Kama una mwenza, nyumba iwe ya maneno yenu wawili tangu siku ya kwanza. Pesa ya ujenzi inayotoka kwa siri hurudi kama ugomvi. Kubalianeni kiasi cha kila mwezi na, muhimu zaidi, kubalianeni nini kinaweza kukigusa. Sisi tulikubaliana mambo mawili tu: ugonjwa na msiba wa damu. Harusi, sherehe za kipaimara, sare za kitchen party, hizo zilikuwa na bahasha yake, ikiisha imeisha. Weka pia akiba ndogo pembeni ya dharura, hata kama inapunguza tofali kumi kwa mwezi, kwa sababu dharura itakuja na ni afadhali ikute chakula chake.

Wa kuwaambia habari za ujenzi, chagua. Kuna ndugu akisikia unajenga anaona una pesa. Kuna rafiki kila mkikutana anauliza "bado tu?", na hakusudii ubaya, lakini unarudi nyumbani umepungua. Tafuta mtu mmoja anayejenga naye, aliye karibu na kituo chako. Mimi nilikuwa na mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anajenga Kisarawe. Kila mwisho wa mwezi tulitumiana picha, na mwezi ambao mmoja hakuwa na picha, mwenzake hakuuliza sababu. Alituma yake tu.

Fundi naye ni mtu wa safari. Ukimpata mwema, usimbadilishe kwa tofauti ya shilingi elfu hamsini. Mlipe kwa kazi iliyokamilika, kwa hatua, na mwandikiane. Fundi mzuri atakwambia ukweli ukiwa na pesa nusu: "Mzee, usianze, subiri mwezi wa saba." Maneno hayo yana thamani kubwa.

Na nyinyi mlioko Muscat, London au Minneapolis mnaojenga kwa mkono wa ndugu: ari yenu huvunjwa na kutojua. Tumeni pesa kwa kituo kimoja kimoja, tofali mlipe anayeziuza moja kwa moja, fundi alipwe kwenye simu yake. Msimamizi mpeni posho iliyo wazi, hata akiwa kaka wa tumbo moja. Ndugu anayehangaika juani kila Jumamosi bila kupewa chochote atajilipa mwenyewe siku moja, na hapo mtapoteza nyumba na ndugu.

Tisa: siku utakapokwama

Mwaka wa nne baba aliugua. Akiba yote ya bati ilikwenda hospitali, na ilipokwisha tulikopa. Alifariki mwezi wa kumi na moja. Sikwenda Vikindu kwa muda mrefu baada ya hapo. Si kwamba sikuwa na hata laki moja, miezi mingine nilikuwa nayo, lakini laki moja mbele ya paa zima ilionekana kama tone. Nikawa napita njia nyingine ili nisione kona ya barabara yetu.

Kama uko hapo sasa, sikiliza kwa makini.

Usianze na kazi kubwa ya kufidia muda uliopotea. Na usikimbilie mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ili "umalize mara moja". Marejesho yake ya kila wiki yatakula mpaka tofali ulizonazo, na kitanda juu yake.

Anza kwa kwenda tu. Beba maji ya kunywa na panga. Fyeka njia ya kuingilia mpaka mlangoni. Kaa ndani ya boma nusu saa. Halafu likague: gonga kuta kwa mkono, tazama kama kuna ufa unaopita kozi kadhaa, sugua kutu kwenye nondo uone kama imekula au imepaka tu juu. Andika kwenye daftari ulichokikuta. Mimi niliogopa kwamba kila kitu kimeoza, na nilichokikuta ni ukungu, kichuguu kimoja kona ya jikoni, na nyoka aliyekimbia. Lenta ilikuwa imesimama sawa kama nilivyoiacha. Nililia pale, nikiwa nimekaa juu ya tofali.

Kazi yako ya kwanza ya kurudi iwe na sifa tatu: iishe siku moja, isizidi pesa uliyonayo mfukoni, na ionekane kwa macho. Mimi nilinunua fremu moja ya mlango wa mbele, mninga, fundi akaisimamisha Jumamosi ile ile. Haikuwa na maana yoyote kiufundi kuweka fremu kabla ya paa, fundi alinishangaa, tukaifunika kwa nailoni. Lakini lile tundu lilianza kuitwa mlango. Mwezi uliofuata nikarudi kwenye mpango: akiba ya bati, polepole, kwenye kikundi. Ilichukua kiangazi viwili. Kimoja kozi za juu na kulipia mbao, cha pili kenchi na bati kwa mpigo mmoja, siku tisa.

Baada ya kukwama piga hesabu upya kwa bei za sasa. Bei za daftari la zamani zitakudanganya, na ukifika dukani ukakuta saruji imepanda, utavunjika mara ya pili. Jua mapema, punguza kitu, endelea.

Kumi: hamia mapema, kisha jilipe kodi

Wengi wanasubiri vigae, dari na rangi. Ushauri wangu ni kuhamia mara nyumba inapokuwa na paa, choo kinachofanya kazi, maji ya uhakika hata kama ni simtanki, mlango unaofungika, grili madirishani, na chumba kimoja kilichosakafiwa. Umeme ukiwepo, vizuri zaidi. Kodi ya Dar es Salaam mara nyingi inadaiwa miezi sita mbele, na ukipata mlango wako mwenyewe, fungu hilo zima linabaki kwako.

Lakini hapa pana mtego, na wengi wamenaswa. Ukishahamia, presha inaondoka. Hakuna mwenye nyumba wa kukugongea. Nyumba inabaki na kuta za tofali miaka kumi, mpaka macho yanazoea. Dawa yake niliipata kwa jirani mmoja, mama mjane aliyemaliza nyumba yake kwa kuuza vitumbua: endelea kulipa kodi. Tarehe ile ile, kiasi kile kile, lakini unalipa kwenye akaunti ya nyumba yako.

Tulihamia Agosti 2020, tukalala wote chumba kimoja, chini, juu ya magodoro mawili. Kuta hazikuwa na plasta, na upepo wa alfajiri ulipita kati ya ukuta na bati. Mwezi wa kwanza wa vuli, mvua ilipopiga bati usiku, binti yangu mdogo aliamka akauliza kama mwenye nyumba anajua kwamba tumewasha taa. Februari, siku ambayo zamani ningempelekea yule mzee wa Mbagala kodi ya miezi sita, tulinunua saruji na mchanga mlaini, na chumba cha watoto kikapigwa plasta.